Kupandisha toleo la seva yako: pale pale, kwa kontena, au kujenga nyingine kando?

Jumamosi moja jioni nilikuwa chumba cha nyuma cha duka la vipuri, Kirinyaga Road, nimekalia kreti ya soda, natazama skrini iliyosimama kwenye swali moja: faili la mipangilio ya SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) limeguswa na mtu, je, tuweke jipya au tubaki na lililopo? Mwenye duka alikuwa mlangoni, funguo mkononi. "Fundi, bado sana?" Nikamwambia dakika kumi. Zikawa arobaini, na stima ikapepesa mara mbili humo katikati.

Hakuna kilichoharibika siku hiyo. Ila nikielekea stejini nilijiuliza ningefanya nini kama stima ingekatika kweli pale kwenye swali lile, na sikuwa na jibu la maana. Mteja kila mara huuliza kazi itachukua muda gani. Mimi siku hizi huanza na swali jingine: mambo yakiharibika saa nne usiku, nitarudi vipi nilikotoka, na kurudi huko kutakula nini? Njia zote za kupandisha toleo zitakufikisha mbele. Kwenye kurudi ndipo zinapoachana.

Naandika kwa mtu anayeendesha seva yake mwenyewe hapa Nairobi, iwe kompyuta ya ex-UK chini ya meza ya ofisi, iwe mashine ya kukodi iliyoko Ulaya. Kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Kusasisha ni kuweka viraka ndani ya toleo lilelile, kwa mfano hifadhidata ya Postgres 15.4 kwenda 15.8. Kupandisha toleo ni kuvuka daraja: mfumo wa Debian 12 kwenda 13, Postgres 15 kwenda 17, Nextcloud (mfumo wa kuhifadhi na kushirikiana faili) 29 kwenda 30. La kwanza hufanywa na kikombe cha chai mkononi. La pili ndilo linalovunja ndoa za watu.

Njia zenyewe ni tatu. Pale pale ni kuipandisha mashine ileile, juu ya data ileile. Kontena (programu iliyofungwa peke yake na vyote inavyohitaji) ni kubadilisha imeji, yaani kifurushi chake, na kuacha folda ya data ilipo. Kando ni kujenga seva nyingine, kuhamishia data huko, kisha kugeuza njia ya wateja.

| | Pale pale | Kontena | Seva mpya kando |
|---|---|---|---|
| Huduma kufungwa | nusu saa hadi masaa kadhaa | dakika chache, hifadhidata isipoguswa | muda wa kuhamisha data ya mwisho tu |
| Kurudi nyuma | kwa picha ya diski (snapshot, hali yake ilivyo dakika ile) au nakala pekee | rahisi kwa programu, kugumu kwa data | unawasha ile ya zamani |
| Pesa | karibu bure | karibu bure | mashine ya pili kwa siku kadhaa |
| Stima ikikatika katikati | kazi kubwa | kazi ndogo | ya zamani haijui lolote |
| Jasho lako | kidogo | la wastani | jingi mara ya kwanza |

Ukisoma safu ya mwisho kulia utadhani nimeshaamua. Ni karibu hivyo. Lakini kuna seva ambazo singezijengea nyingine kando hata nikilipwa, na jedwali halisemi ni zipi.

Pale pale

Njia hii inasemwa vibaya kuliko inavyostahili. Debian hasa ni mpole: badilisha jina la toleo kwenye orodha ya vyanzo, kutoka bookworm, yaani 12, hadi trixie, yaani 13 (iliyotoka 9 Agosti 2025), endesha apt, kisakinishi chake, jibu maswali, zima na uwashe. Nimefanya hivyo mara nyingi na mara nyingi nimelala vizuri. Sharti ni kutoruka ngazi. Mwenye Debian 11 hupitia 12 kabla ya kugusa 13. Kwa Ubuntu ni vivyo hivyo: 20.04, ambayo muda wake wa kawaida wa viraka uliisha Mei 2025, haiendi 24.04 moja kwa moja, lazima ikanyage 22.04 kwanza. Kwa hiyo ukiambiwa "ni upgrade moja tu" na seva ni ya 20.04, hesabu mbili, na bei yako iwe ya mbili.

Mambo matatu huumiza watu hapa. La kwanza ni muunganisho kukatika. Ukifanya kazi kwa SSH kutoka nyumbani na ruta ikazimika, amri iliyokuwa ikiendeshwa inaweza kufa nusu njia. Fungua tmux, inayoacha amri iendelee hata ukikatika, kabla ya herufi ya kwanza. Zana ya Ubuntu ya kupandisha toleo hujiendesha yenyewe ndani ya screen, ndugu ya tmux, na ukiwa kwa SSH hukufungulia mlango wa akiba kwenye poti 1022, lakini mlango huo haukufai kitu kama ukuta wa moto hauuruhusu. Wengi hugundua hilo wakiwa wameshafungiwa nje.

La pili ni intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika siku moja, na Afrika Mashariki nzima ikatambaa. Aliyekuwa ameanza kupakua pakiti mia nane asubuhi hiyo alijua maana ya subira. Apt ina chaguo la kupakua bila kusakinisha. Pakua Ijumaa, sakinisha Jumapili.

La tatu ni vyanzo vya watu wengine, yaani zile pakiti ulizoongeza mwenyewe miaka mitatu iliyopita ukifuata maelekezo fulani na ukazisahau. Ubuntu huvizima vyanzo hivyo wakati wa kuvuka, na usipoviwasha tena utabaki na programu isiyopata viraka huku ukidhani mambo ni shwari.

Kuna jambo moja ambalo pale pale kwenye Debian hufanya vizuri kuliko watu wanavyojua. Ukivuka kutoka 12 kwenda 13, Postgres 15 haifutwi. Postgres 17 inawekwa ubavuni mwake, na data yako inabaki kwenye ile ya 15 mpaka uihamishe mwenyewe. Amri ya pg_lsclusters inakuonyesha zote mbili, kila moja na poti yake. Kwa kawaida ile ya 17 huja tupu, nawe huiondoa kwanza kwa pg_dropcluster ili pg_upgradecluster ipate nafasi ya kuhamisha ya 15. Hapo ndipo ninapotoa kidole kwenye kibodi na kusoma namba kwa sauti. Kumi na saba ndiyo tupu. Kumi na tano ndiyo mauzo ya miaka sita. Tofauti kati ya kazi iliyoisha na kesi ni tarakimu moja, na mashine haitakuuliza mara mbili.

Na stima? Ikikatika pakiti zikiwa nusu zimewekwa, mara nyingi mashine huamka na dpkg --configure -a humalizia kazi. Mara nyingi, si kila mara. UPS ndogo ya kushikilia nusu saa ni nafuu kuliko usiku mmoja wa kuomba Mungu.

Kontena

Wanaohamia Docker, programu ya kuendesha kontena, huja na imani kwamba kurudi nyuma ni kubadilisha namba kwenye faili la compose, lile linaloorodhesha imeji na matoleo yake. Kwa programu isiyoshika data, ni kweli kabisa, na ni raha. Imeji ya jana bado ipo kwenye diski, unairudisha, sekunde kumi. Hakuna njia nyingine inayokaribia hapo.

Tatizo ni kwamba kitu unachokijali hakimo ndani ya kontena. Kimo kwenye folda ya data, na folda hiyo haina namba ya toleo unayoweza kuirudisha.

Nilijifunza kwa seva ya shule moja. Nilibadilisha lebo ya Postgres kutoka 14 hadi 16 kana kwamba nabadilisha balbu. Kontena likaanza, likafa, likaanza, likafa. Logi ilieleza wazi: folda hii ilianzishwa na toleo 14, hailingani na 16. Nikarudisha 14 na kila kitu kikaamka, hata herufi moja haikupotea. Nilijiona mjanja, kumbe mjanja alikuwa aliyeiandika Postgres: hukataa mlangoni kabla ya kugusa chochote. Data inahamishwa kwa pg_upgrade, au unaitoa yote kwa pg_dumpall na kuimwaga ndani ya toleo jipya. Imeji rasmi haikufanyii hivyo.

Sasa iweke kando ya MySQL, hifadhidata nyingine. Kuanzia 8.0.16, seva ya MySQL ikiwashwa juu ya data ya toleo la chini huipandisha yenyewe, kimya kimya, na kisha toleo la zamani haliifungui tena. Postgres hukuzuia mlangoni. MySQL hukukaribisha ndani, halafu hufunga mlango nyuma yako. Zote mbili zina sababu zao, ila mtu aliyezoea moja akikutana na nyingine huumia. Nextcloud iko upande wa MySQL: hupandisha majedwali yake, na ukirudisha imeji ya zamani kontena hukataa kuwaka na kukuambia kwamba data ni ya toleo la juu kuliko imeji na kushuka hakuruhusiwi. Tena haivuki ngazi mbili kwa mpigo. Ukiwa 28 unataka 31, utapita 29, utapita 30, na kila mara unasubiri imalize ndipo unaendelea.

Lebo ya latest, ile inayovuta toleo lolote la karibuni, nimeiharamisha kwenye kila seva ninayoishika. Siyo kwamba toleo jipya ni baya. Tatizo ni kwamba siku ukivuta imeji kwa sababu nyingine kabisa, sema umehamisha mashine, utajikuta umevuka daraja bila kujua ulikuwa upande gani. Andika namba kamili. Kwa hifadhidata andika hata msingi wake, yaani kama ni bookworm au trixie, kwa sababu mfumo wa chini ukibadilika kanuni za kupanga herufi nazo zinaweza kubadilika, na faharasa za maandishi zilizojengwa kwa kanuni za zamani zinaanza kudanganya. Unatafuta jina la mwanafunzi, unaambiwa hayupo, na yupo. Postgres za karibuni hutoa onyo kuhusu hilo kwenye logi. Dawa yake ni REINDEX, lakini kwanza lazima usome logi, na nani husoma logi wakati kila kitu kinaonekana kinafanya kazi?

Na kama unaelekea Postgres 18 kwa imeji rasmi, jua kwamba mahali pa kubandika folda ya data pamebadilika. Usinakili faili la compose la zamani ukibadilisha namba peke yake.

Seva mpya kando

Hii ndiyo ninayoipenda, na sababu yake kubwa haina uhusiano na kupandisha toleo. Ukijenga seva nyingine, cha kwanza unachofanya ni kurejesha nakala ya jana usiku ndani yake. Kwa hiyo unajua kwamba nakala yako inarejeshika. Nimekutana na ofisi zenye miaka minne ya nakala ambazo hakuna aliyewahi kuzifungua.

Mwendo wenyewe ni huu. Weka mfumo mpya na programu mpya kwenye mashine ya pili. Rejesha nakala. Ipandishe huko, ivunje, irekebishe, huku ukiandika kila amri kwenye karatasi au faili. Futa yote. Rudia ukifuata ulichoandika, na upime muda. Mara ya pili ndiyo inayokupa jibu la kweli kwa mwenye duka anayeuliza dakika ngapi. Kisha mlete anayetumia mfumo kila siku, yule dada wa kaunta au mhasibu, abonyeze mambo yake kwa nusu saa. Ataona kasoro ambazo wewe hungeziona kwa wiki.

Siku ya kuhama: siku moja kabla, punguza TTL (muda ambao kompyuta za watu hukumbuka anwani) ya rekodi ya DNS, ile inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya seva, iwe dakika tano. Wakati ukifika, funga ya zamani isipokee maandishi mapya, toa nakala ya mwisho, imwage kwenye mpya, hakikisha, geuza. Ya zamani iache iwake bila kuandikwa chochote kwa wiki moja. Ukihitaji kurudi, unageuza rekodi tena. Kama mashine zote mbili ziko ofisini nyuma ya proksi moja (mlango unaopokea wateja na kuwapeleka kwenye seva), DNS hata huigusi. Unabadilisha mstari mmoja kwenye proksi.

Mitego ipo, na mmoja umenichoma. Nilirejesha nakala ya mfumo wa shule kwenye seva ya majaribio pamoja na mipangilio yake yote, ikiwemo kazi ya kila usiku ya kutuma SMS. Saa sita usiku wazazi wakakumbushwa karo mara mbili, na mmoja wao, aliyekuwa amelipa siku ile ile, akampigia mwalimu mkuu. Kosa langu moja kwa moja. Sasa kitu cha kwanza kwenye seva ya kando, kabla hata ya kurejesha data, ni kuifungia njia ya kutoka: barua pepe, SMS, kila kitu. Halafu nazima kazi za ratiba. Halafu ndipo narejesha.

Kuna la sheria pia. Nakala ya majaribio ina majina na namba za simu za watu halisi, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haijali kwamba wewe uliiita "test". Data ya watu ikivuja kwa namna ya kuwahatarisha, anayeishika data hiyo ana masaa 72 kumjulisha Kamishna wa Data tangu agundue. Ipe seva ya kando nywila na ukuta wa moto kama ile ya kweli, na ukimaliza ifute.

Malipo ya M-Pesa yanahitaji aya yake. Kama mfumo wako unapokea taarifa za malipo kupitia Daraja (huduma ya Safaricom ya kuunganisha mifumo na M-Pesa), taarifa hizo zinatumwa kwenye anwani uliyosajili. Wakati wa kugeuza, kuna dakika ambapo zitagonga mlango uliofungwa. Usijenge mpango wako juu ya matumaini kwamba zitakuja tena. Fanya kazi wakati malipo ni haba, andika saa kamili uliyofunga na saa uliyofungua, kisha chukua taarifa ya paybill ya kipindi hicho na uilinganishe na mfumo mstari kwa mstari. Ni kazi ya dakika ishirini inayookoa ugomvi wa mwezi mzima.

Njia hii haimfai nani? Mwenye seva ya barua pepe ya kukodi, kwanza. Anwani mpya ya IP haina historia, na barua zako zitaanza kuangukia kwenye takataka za watu. Huyo nampandishia pale pale, akiwa na nakala mkononi. Pia mwenye data nyingi na intaneti nyembamba. Terabaiti mbili za michoro ya majengo hazihami kwa usiku mmoja kwenye laini ya ofisi.

Na kujisasisha kwenyewe?

Watu hukiweka kama njia ya nne. Kwangu ni ya viraka tu, haivuki madaraja. Ila kuna hoja mbili zinazovutana. Desemba 2021 tundu la Log4j, maktaba ya logi ya programu za Java, lilipotangazwa, mashambulizi yalifurika ndani ya masaa, na aliyesubiri Jumapili alisubiri akiwa uchi. Machi 2024 ikawa kinyume: matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, zana ya kubana faili, yalikuwa na mlango wa siri uliopandwa makusudi, na Andres Freund, mwandishi wa programu, akaugundua kwa sababu kuingia kwa SSH kulikuwa kukichelewa kidogo tu. Waliokuwa kwenye Debian ya kawaida, ile isiyokimbilia mapya, hawakuguswa.

Kwa hiyo: viraka vya usalama vya mfumo, viache vijiendeshe. Hifadhidata na programu kuu, shika mwenyewe.

Jambo moja la kwetu. Ratiba ya kawaida ya Debian na Ubuntu huweka viraka kuanzia saa 6:00 asubuhi ya mashine, na nyongeza ya nasibu ya hadi dakika sitini. Mashine nyingi za kukodi huja zikiwa kwenye saa za UTC. Saa 6:00 UTC ni saa tatu asubuhi Nairobi. Yaani wakati ofisi imejaa, foleni iko kaunta, na mhasibu ameshika chai, ndipo huduma zinaanza kujizima na kujiwasha. Nilihangaika na "mfumo unakwama asubuhi" ya mteja mmoja kwa wiki mbili kabla ya kuangalia saa. Ukiruhusu mashine ijiwashe upya yenyewe, hakikisha umeandika saa kwa saa za mashine, au uibadilishe iwe Africa/Nairobi na uache kujisumbua.

Picha ya diski si nakala

Njia yoyote utakayochagua, utaambiwa "piga picha kwanza". Ni ushauri mzuri, na ndio ulionipa Jumatatu mbaya kuliko zote.

Duka lilelile la vipuri. Jumapili saa kumi jioni nikapiga picha ya mashine kwenye Proxmox, mfumo wa kuendesha mashine pepe, nikapandisha toleo la mfumo wa mauzo, nikajaribu, safi. Jumatatu saa mbili wakafungua. Saa tano dada wa kaunta akanipigia: ripoti inahesabu VAT mara mbili. Nikafanya kile ambacho kila mtu angefanya. Nikarudisha picha. Dakika mbili, mfumo wa zamani huo, VAT sawasawa. Na mauzo ya tangu saa mbili hadi saa tano yakawa hayajawahi kutokea.

Picha inarudisha kila kitu, hata yale usiyotaka yarudi. Tulikaa yeye na mimi hadi jioni, tukiandika upya risiti karibu sitini kutoka kwenye nakala za karatasi na jumbe za malipo, na stoki bado haikulingana kwa boksi mbili za plagi. Ningetoa kwanza hifadhidata ilivyo, hata na kasoro yake, kazi hiyo ingekuwa ya nusu saa. Hiyo ndiyo kanuni ninayoifuata bila ubishi: kabla ya kurudi nyuma, toa nakala ya hali iliyopo, hata kama imeharibika.

Tangu hapo nabandika karatasi kwenye ukuta kando ya mashine: picha imepigwa saa ngapi, na mwisho wa kurudi bila kuuliza ni saa ngapi. Mwisho huo kila mara ni dakika ya kwanza ambayo mteja ataandika kitu kipya. Baada ya hapo kurudi kunawezekana, ila kuna bei, na anayepaswa kukubali bei hiyo ni mwenye duka, siyo mimi.

Picha pia hukaa kwenye diski ileile. Diski ikifa, zinakufa pamoja. Picha za LVM (mfumo wa Linux wa kugawa diski) za kawaida zina ubaya mwingine: nafasi uliyozitengea ikijaa, picha inabatilika, na kupandisha toleo huandika mengi kwa muda mfupi. Nakala halisi iko kwenye mashine nyingine, na imewahi kurejeshwa.

Wanaodhani haya ni ya mafundi wadogo kama sisi wasome yaliyoipata GitLab, kampuni ya kuhifadhi msimbo wa programu, 31 Januari 2017. Mhandisi mmoja, usiku, akafuta folda ya hifadhidata kwenye seva isiyo sahihi. Walipokimbilia nakala, wakakuta hazipo: pg_dump, zana ya Postgres ya kutoa nakala, iliyokuwa ikitumika ilikuwa ya toleo 9.2 wakati hifadhidata ilikuwa 9.6, kwa hiyo ilikuwa ikikataa kila siku, na barua pepe za kuwaambia hivyo zilikuwa zikikataliwa njiani. Kilichowaokoa ni picha ambayo mtu alikuwa ameipiga kwa mkono masaa kama sita kabla. Angalia sababu yenyewe: hifadhidata ilipandishwa, zana ya nakala ikabaki nyuma. Kila ukivuka daraja, kesho yake asubuhi fungua nakala ya usiku huo, uone ina kitu ndani.

Nani achukue ipi

Shule: kando, wakati wa likizo. Aprili, Agosti na Desemba zipo kwa ajili hiyo. Hakuna sababu ya kuwa shujaa katikati ya muhula.

Duka lenye mashine moja: pale pale kwa mfumo, kontena kwa programu, na kompyuta ya pili ya bei nafuu kutoka Luthuli Avenue ya kufanyia mazoezi na kuweka nakala. Usiguse chochote cha uhasibu tarehe 9 au 20 zikikaribia. Moja ni siku ya PAYE, nyingine ya VAT, na mhasibu hatakusamehe.

Mwenye Postgres pekee kwenye Debian: pale pale, na pg_upgradecluster bila chaguo la viungo (--link, linaloshirikisha faili zilezile badala ya kuzinakili) kama diski inatosha. Ukitumia viungo kazi ni ya haraka mno, lakini ukishawasha toleo jipya ile ya zamani siyo yako tena.

Ofisi ya mawakili ninayoihudumia Upper Hill ina Nextcloud iliyobaki nyuma kwa matoleo mawili, kwenye kontena, na gigabaiti mia tatu za kesi. Hapa nachanganya: folda za faili haziendi popote, hifadhidata inatolewa na kurejeshwa kando kwa majaribio, kisha usiku wenyewe ni ngazi moja, tusubiri, tuingie tuangalie, toa hifadhidata tena, ngazi ya pili. Imepangwa Ijumaa baada ya saa moja jioni. Imeji zote mbili nimeshazipakua tangu Jumatano, na karani mkuu ameahidi kubaki hadi saa tatu usiku afungue faili kumi anazozijua kwa macho.